Dakika Tano Kabla ya Kusema Amekufa

Kabla ya uhuru, kusema kwamba mtu amekufa haikuwa kazi yetu. Pale materniti, hospitali ya wazazi, juu ya kilima cha Butembo, sisi tuliita tu. Mgonjwa akinyamaza, mmoja wetu alikimbia hadi nyumba ya daktari, Mzungu mrefu aliyefuga bata. Alikuja na mpira wake wa kusikilizia shingoni, akainama, akasikiliza, akatazama saa ya mkononi, akaandika. Sisi tulifunika shuka. Hata kama nilikuwa nimekaa na mgonjwa tangu jana yake, na nilijua vizuri alipoondoka, nilimngoja Mzungu aje aniambie.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilizaliwa Kipese, kwenye baridi ya ngano na viazi, na masista walinichukua baada ya shule ya msingi wakanifundisha kuzalisha. Kuzalisha nilikujua. Nilijua kumtuliza mwanamke anayelia na kumkaripia anayekata tamaa. Lakini kifo nilikiona ni mambo ya watu wenye diploma kubwa, na sikuona haya kuwaachia.

Uhuru ulipofika, daktari alisema anakwenda kwao kupumzika miezi miwili. Bata aliwaacha kwa mpishi. Hakurudi. Kwa muda akawa anakuja mwingine kutoka Beni, mara moja kwa juma barabara ikipitika. Kisha wakaja waasi, wale waliojiita Simba, na yule wa Beni naye hatukumwona tena. Siku waasi walipoingia kwetu walichukua magodoro, blanketi, sukari ya masista, na mpira wa kusikilizia uliokuwa umebaki. Mkubwa wao mmoja alitembea nao sokoni majuma mazima, ameuvaa shingoni kama tai.

Aliyebaki juu yetu alikuwa infirmier mmoja, muuguzi mzee, mtu wa Lubero, mfupi, mwenye kofia ya sufi ambayo hakuivua hata kanisani mpaka apite maji ya baraka. Sote tulimwita Monsieur. Asubuhi moja alitukusanya wakunga watatu katika chumba cha kuchemshia vyombo.

"Batu bataendelea kufa," alisema, "na daktari hayuko. Donc, itakuwa sisi."

Mkunga mwenzetu mkubwa kwa umri alisema, "Mais Monsieur, sheria inasema daktari peke yake."

"Sheria ilienda pamoja na daktari. Maiti inabaki hapa, na familia iko mulangoni inakuangalia. Utaiambia nini?"

Basi akatufundisha. Kwanza mwite mgonjwa kwa jina lake, karibu na sikio, kama unamwamsha nyumbani kwake. Shika mshipa wa shingo, usiamini ule wa mkono. Tazama kifua. Tazama macho. Kisha sikiliza moyo dakika tano.

"Na si dakika tano za mutu mwenye njaa," alisema. "Dakika tano za saa. Kifo kikiisha kufika hakiendi pahali ingine. Sasa sisi tuko na haraka ya nini?"

Mimi nikauliza tutasikiliza na nini. Akaelekeza kidevu kwenye rafu. Palikuwa na ile pembe ndogo ya mti tunayoiweka juu ya tumbo la mama mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto. Waasi waliiona wakadhani ni kinara cha mshumaa, wakaiacha.

Haikupita siku nyingi, Monsieur akashuka mjini kwenda kuomba dawa kwa mapadri. Mimi nikabaki zamu na mfagiaji mmoja, mama mtu mzima. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule ukungu wetu unaokaa bondeni mpaka karibu na saa nne. Tukasikia watu wanapanda. Wanaume wanne walibeba mwanamke juu ya kitanda cha fito. Nyuma yao alikuja mama mkwe wake, mtoto mchanga amemfunga kifuani kwa kanga, na nyuma kabisa mume, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni mwenye lori lake, ambaye vita vilimkuta Butembo na mzigo wa maharage wa kutoka Kirumba. Mke alijifungua alfajiri katika nyumba waliyopanga. Mtoto alitoka vizuri. Damu ndiyo ilikataa kusimama.

Sitasimulia yote niliyofanya. Anayejua kazi hii anayajua, na asiyejua hayamfai. Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki ndani, nikakitoa kwa mkono. Nikamdunga chupa ya mwisho ya dawa ya kukaza kizazi, nikalikanda tumbo mpaka mikono ikafa ganzi. Na damu ikakatika.

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu damu ikikatika ni moja kati ya mambo mawili: kizazi kimefunga, ama moyo umesimama. Nilimtazama uso. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Viganja vyeupe. Nilishika mkono wake nikatafuta mshipa, hakuna. Kifua sikukiona kikipanda. Mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukashika pindo la shuka ukaanza kulivuta juu.

Sikusema neno. Lakini mama mkwe alikuwa ananitazama mkono, si mdomo. "Inna lillahi," akasema taratibu, akaketi chini na mjukuu wake kifuani. Nje nikawasikia wanaume wakiambiana, na wale wanne wakashuka kilima kwenda kuchukua majembe.

Mume akaja mlangoni. Alikuwa mtu mnene, kanzu yake ina matope mpaka magotini.

"Mademoiselle," alisema, "anaisha kufa?"

Nilikuwa bado nimeshika pindo la shuka.

"Niambie tu kweli. Hawa wenye bunduki banakataza batu kukusanyika kupita saa sita. Kama anaisha kufa, inafaa tumuzike mbele ya saa sita. Kama hatumuziki leo, kesho sijue kama batatuachilia."

Alinisemesha kwa heshima, naye alikuwa na umri wa baba yangu. Aliningoja kama mimi nilivyozoea kumngoja Mzungu. Nilitaka sana kumpa jibu, lolote, ili aondoe macho yake usoni pangu. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Kila mtu alikuwa amekwisha kuamini.

"Nipe dakika tano, baba," nikamwambia. "Za saa."

Nilishusha shuka. Nilimwita yule mwanamke kwa jina lake, sikioni. Hakujibu. Niliweka vidole shingoni, nikadhani nahisi kitu, nikadhani sihisi. Nilitoa kioo changu kidogo mfukoni nimwekee puani, lakini kwa ukungu ule kioo kilikuwa kimelowa kabla hakijafika. Basi nikachukua ile pembe ya mti, nikaisimamisha chini ya ziwa lake la kushoto, nikaweka sikio. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi.

Nikasikia moyo. Du, du, du, upesi upesi. Furaha ilinipanda, kisha ikaniporomoka, kwa sababu masista walitufundisha kwamba mkunga mwenye hofu husikia damu yake mwenyewe masikioni. Ulikuwa moyo wa nani?

Pembe ile haishikwi ukisikiliza. Unaiachia chini ya sikio, na mikono inabaki huru. Basi nikashika mshipa wa mkono wangu mwenyewe. Nikaulinganisha na ile sauti. Vilikwenda pamoja, pigo kwa pigo. Moyo ulikuwa wangu.

Dakika moja ikapita. Mfagiaji alisimama miguuni pa kitanda, ameshika ufagio. Nilijilazimisha kupumua polepole kama tunavyowaambia wanawake wenye uchungu. Dakika ya pili. Moyo wangu ukaanza kutulia, na kadiri ulivyotulia, ile sauti yangu masikioni ikapungua, na chini yake nikasikia nyingine. Ilikuwa ndogo sana, nyepesi kama kidole kinachogonga nguo. Nikabana mshipa wangu tena. Wangu ulipiga mara moja, ile ikapiga mara mbili. Wangu mara moja, ile mara mbili, wakati mwingine karibu tatu. Nilizimaliza dakika zote tano. Sikutaka mtu aje kuniambia kwamba nilikuwa na haraka.

Nikainua kichwa. "Hayakufa," nikamwambia mume. "Moyo iko natembea."

Hakuelewa. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Baba, enda simamisha batu ya kaburi."

Hapo akaelewa. Mwanamume mnene yule alishika kanzu yake kwa mikono miwili akateremka kilima mbio, na mfagiaji, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Tulifanya kazi. Tuliinua miguu ya kitanda kwa matofali. Tulimzungushia chupa za maji ya moto tulizozifunga kwa vitambaa. Nilichukua maji ya chumvi tuliyokuwa tunayachemsha na kuyapima wenyewe, nikayapitisha kwa sindano chini ya ngozi ya mapaja, polepole, paja hili kisha lile. Mama mkwe aliinuka akaja kuzisugua nyayo. Monsieur aliporudi, mikono mitupu, alitukuta hivyo. Alichukua pembe, akasikiliza, nikamwona midomo yake inahesabu.

"Endelea," akasema.

Ukungu ulipoondoka nilimwona kifua kinapanda bila kukitafuta. Mchana mshipa wa mkono ulirudi. Alasiri alifungua macho, akamtazama mama mkwe wake, akauliza kwa sauti ya mtu aliyelala tu kupita kiasi, "Munamupatia mutoto maziwa ya nani?"

Mama mkwe alijibu, "Anakungojea wewe," kisha akatoka nje kulia.

Wanaume walikuwa wamerudi na majembe, wameketi majanini wakila viazi tulivyowachemshia. Kaburi lilikuwa limefika magotini. Kulikuwa na shehe mmoja kati yao, mzee mkimya, naye alisema shimo lililochimbwa kwa ajili ya mtu lisiachwe wazi. Wakakata shina la mgomba, wakalilaza humo, wakafukia. Nilimuuliza kama dini yao ndiyo inasema hivyo.

"Hapana, binti," alinijibu. "Ni kwa sababu ya batu tu. Balale muzuri."

Jioni hiyo nilimfuata Monsieur katika chumba cha vyombo. Nilikuwa nimelibeba jambo langu siku nzima.

"Nilishika shuka, Monsieur," nikamwambia. "Nilikuwa nataka kumufunika."

"Ulimufunika?"

"Hapana."

"Basi," alisema, akaendelea kukausha vyombo. Aliponiona bado nimesimama, akaongeza kwa Kinande chetu, "Wasingya," asante, kama mtu anayeshukuru kwa kuletewa maji. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Barabara ya Beni ilipofunguliwa, walikuja kuaga. Mwanamke alipanda mwenyewe kwenye lori, mtoto mgongoni, akikataa mikono ya watu. Alikuwa amenenepa kidogo. Hakujua yote, nadhani, na sisi hatukumsimulia.

Si wagonjwa wote waliozinduka hivyo. Majira yale yale aliletwa kwetu bibi mmoja, mkulima, Mkatoliki, kutoka upande wa Kanyabayonga. Alikuwa amekimbia vita kwa miguu akiwa na binti yake, na mapafu yake yalikuwa yamejaa. Alikaa nasi siku mbili. Siku ya tatu mchana alinyamaza. Binti alisimama ukutani, hakulia. Alisema wamekimbia mara tatu, na mara zote tatu watu walimwambia mama yake amekufa njiani, na mara zote mama aliamka. Hataki kudanganywa tena.

Nilimwita bibi kwa jina. Nilishika shingo. Nilitazama kifua na macho. Nikaweka pembe, nikashika mshipa wangu, nikasikiliza. Nilisikia wangu, na chini yake hapakuwa na kitu. Ulikuwa ukimya mpana, ulionyooka, na haukunitisha. Nilizimaliza dakika tano, nikapumzika, nikarudia tena, kwa sababu binti alikuwa ananihesabia kwa macho.

Nilimwendea nikamshika mikono. "Mama yako anaisha kufa," nikasema. "Amekufa kweli."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Aliteleza ukutani mpaka chini, akalia kwa mara ya kwanza, kilio kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo barabarani. Niliketi karibu naye sakafuni. Nami nilijisikia mwepesi, na nilishangaa, maana nilidhani neno lile lingenishinda. Alipomaliza kulia akauliza kama tuna maji ya kumwogesha. Nikasema yapo, na ya moto pia. Tukakunja mikono ya nguo zetu, tukaanza na miguu, iliyokuwa imetembea mbali.