Jina la Bonde Lililochomwa

Mzee niliyekuwa nikimwogesha katika nyumba ya wazee, Guildford, alikuwa na jina la ukoo ambalo hata wazungu wenzake walilitamka wakijikwaa. Lilitoka Uskoti. Zamani lilikuwa jina la bonde tu. Mwenye ardhi akataka malisho ya kondoo, akawachomea watu nyumba. Walipopanda meli kuja huku upande wa pili wa dunia wakaulizwa jina la ukoo, nao hawakuwa nalo. Kwao mtu alikuwa mwana wa fulani, basi. Wakataja bonde, lisipotee. Wengi walifia baharini. Ndiyo maana jina likawa adimu, na yeye, asiye na mtoto, ndiye aliyebaki nalo peke yake.

"Nikienda mimi," aliniambia nikimkausha vidole, "yule mwenye kondoo ameshinda."

Nilimwelewa. Hata kwetu magharibi mwa Kenya nimeona paa la mama yangu likiwaka, na aliyeliwasha namjua, alikuwa jirani.

Korona ilipoingia, meneja alitukataza barakoa, eti tunawatisha wazee. Ni yeye aliyetuponza, naandika wazi. Tuliambukizwa. Mimi nilipona nusu, nikawa nakaa kwa binti yangu Quakers Hill, kifua kinapiga filimbi, kazini nimezuiwa. Nikipiga simu, meneja anasema mzee hajambo, amelala. Kila mara amelala.

Mchana mmoja mjukuu wangu mchanga alilia, titi akalikataa. Kwetu mtoto akilia hivyo anatafuta jina. Unamwitia wafu wa ukoo mmoja mmoja. Akinyamaza kwa jina la mmoja, huyo ndiye aliyekuja. Niliwaita wote, wa upande wa baba na wa mama. Akazidi.

"Mama, wamekwisha hao," binti yangu akasema. "Jaribu mzungu wako."

Tukacheka. Nikalitaja lile jina la bonde.

Mtoto akanyamaza, akanikazia macho.

"Lakini," binti yangu akasema polepole, "si yuko hai?"

Nilipiga simu. Meneja akaanza wimbo wake wa kulala. Nikamwambia asinidanganye, mzee amefika kwangu. Akakubali: walikuwa wameshamzika, bila mtu wa kumsindikiza kaburini.

Jina tukampa mtoto; aliyelinyamazia hanyimwi. Sasa anakimbia nalo sebuleni. Meneja amepandishwa cheo. Nami, jina hili likiitwa, hutazama mlango kwanza, maana kila lilikohamia, mchomaji alilifuata.