Ukuta Wangu Uliosingiziwa

Wajukuu zangu wa mtandaoni, ukuta wangu ulisikika ukipasuka wiki nzima. Na haukupasuka.

Sebule yangu ina ufa, juu ya benchi la saruji lililoshikana na ukuta. Mwanangu, tunayemwita Meneja ingawa hana anayemsimamia, akaushupalia ufa huo.

"Mama, nyumba itakuangukia. Unahamia kwangu."

Kwake kuna ngazi, kuna mbwa, na redio haizimwi. Mimi huyo?

Binti yake anafanya kazi kiwandani, anapima matofali na vigae. Akasema, "Msigombane. Tuuulize ukuta wenyewe."

Akaja na vyombo viwili. Kimoja kijiti chenye mshale, akakiweka kwenye ufa. Ukuta ukivimba kwa joto au ukisinyaa kwa baridi, hata kiasi cha unywele, mshale unasogea. Cha pili kidude kama kifungo cha koti, akakigandisha ukutani kwa gundi. Hicho kinasikiliza kitu kikipasuka kwa ndani.

"Bibi, ukuta ukiwa mbovu, utahama kweli?"

"Nitahama."

Nikamgeukia Meneja. "Tegua hiki. Ana sikio moja, hana mdomo, na ndiye hakimu wangu."

"Sina muda wa vitendawili, mama. Nakupa mji."

"Mji sitaki. Niachie nyumba."

Basi kila jioni Meneja akawa anakuja kukagua. Anakaa benchini, anaegemea ukuta, anauliza, "Bado haujaanguka?"

Wiki ilipoisha, mjukuu akafungua kompyuta iliyokuwa ikipokea habari za vyombo hivyo. Mshale ulipanda mchana kwa jua, jioni ukarudi palepale. Ukuta ulikuwa mzima.

Lakini sikio lilisikia mipasuko. Kila jioni.

"Si nilisema?" Meneja akajinyoosha. Mimi nikawa nawaza nifunge nini kwanza, godoro au masufuria.

Mjukuu akakunja uso. "Mbona ni kumi tu? Kumi, kisha kimya. Ukuta gani huu unajua kuhesabu?"

Meneja, mgongo ukutani, akaweka mikono nyuma ya kisogo na kuanza kualisha vidole, kuvivuta vilie. Kimoja kimoja, kama alivyozoea tangu utotoni.

Ta. Ta. Ta.

Kwenye kompyuta, mistari ikaruka. Moja. Moja. Moja.

Tukamtazama.

"Nini?" akauliza.

"Baba, malizia na mkono wa kushoto."

Akamalizia. Kumi, kisha kimya.

Nilicheka mpaka nikaushika ukuta, nao ukanishika.

Mjukuu akabandua kile kifungo, akakigandisha kwenye goti la baba yake. "Simama, baba."

Akasimama. Kompyuta ikajaa mistari juu mpaka chini.

"Bibi," mjukuu akasema taratibu, "wa kuhamishwa ni huyu."

Ufa umezibwa kwa saruji. Meneja bado anakuja jioni, ila kiti chake nimekiweka katikati ya chumba.

Nawe mjukuu wangu, kabla hujatangaza kwamba nyumba ya mwenzio inabomoka, ondoa mgongo wako ukutani, usikilize upya.