Tofali la Chini ya Dirisha

Tata Chomba, mlinzi wa shule yetu ya sekondari katika mtaa uitwao komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, alikuwa mkali kwa mbuzi na mpole kwa wachelewaji. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu na mchelewaji mkubwa, kwa hiyo nilimpenda. Aliishi na mkewe, Mama Ngalula, katika kinyumba cha kando ya lango. Nyuma yake kilisimama kichuguu kirefu kuliko paa, na kila alasiri mama alikaa pale chini akimenya karanga.

Mwaka 1974 ikaamuliwa shule ipanuliwe: madarasa sita mapya na maabara yenye maji ya bomba. Saruji na mabati tulipewa. Matofali tukaambiwa tujifyatulie, walimu na wazazi, kila Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya raia wote. Préfet, mkuu wetu, akahangaika wapi atapata udongo.

"Citoyen préfet, udongo iko hapa," Tata Chomba akasema, akimwita raia kama tulivyoamriwa siku zile, na akionyesha kichuguu. "Ya muchwa njo inashikana muzuri."

Nikamtania kwamba anatafuta cheo. Hakucheka.

Mchana huo nilipita kwao kuomba maji ya kunywa. Mama Ngalula alikuwa amelia, akimhoji mumewe kwa jina la mtoto wao, maana tata ni baba.

"Tata Kunda, ni weye ulibaonyesha?"

"Ni miye."

"Na unajua kintu gani iko pale."

"Najua, Mama Kunda. Lakini batoto ba bantu banatumwa mbali, sababu hapa nafasi aiko. Sipendi bengine baende vile yeye alienda."

Mengine Tata Chomba alinieleza akinisindikiza langoni. Kunda, binti yao wa pekee, alizaliwa katika kinyumba kile, na kitovu chake wakakizika chini ya kichuguu. Alifaulu shule ya msingi vizuri sana, lakini kwetu madarasa yalikuwa yamejaa. Wakampeleka shule ya bweni, upande wa Kasomeno. Msimu wa mvua akashikwa na homa, barabara ikakatika, na wazazi walipofika alikuwa amekwisha kuzikwa. Kaburi liko huko. Hapa mama alibaki na kichuguu tu. Niliona haya kwa ule utani wangu, na bado naona.

Jumamosi tatu tulichimba, mama akajifungia ndani. Ya nne tulifika kwenye shina, pale kitovu kilipozikwa. Akatoka na beseni la maji, kitenge amekikaza kiunoni, na wanaume wenye majembe wakampisha bila kuambiwa. Akakanda ule udongo, akafyatua tofali moja, hakutaka kusaidiwa. Lilitoka limepinda kidogo. Lilipokwisha kuchomwa, alilibeba mwenyewe hadi kwa mwashi.

"Hapana mu laboratoire," akamwambia, akiipita maabara. "Mu kilasi. Chini ya dirisha, pa kukaa mutoto."

Mwashi akaliweka alipotaka, kisha kuta zote zikapigwa lipu na rangi. Leo siwezi kukuonyesha ni lipi.

Siku ya kwanza ya masomo, nusu ya wanafunzi wa darasa langu jipya walikuwa wasichana. Walipotoka, nilimkuta Mama Ngalula akifagia humo, ingawa hakuna aliyemwajiri. Chini ya dirisha alisimama, akaweka kiganja ukutani. Nikamwambia apumzike, wanafunzi watafagia.

"Acha nifagie, mwalimu," akasema. "Kunda naye alipata nafasi."