Msafara Ndani ya Mguu

Mguu wangu wa kushoto unaijua mvua kabla yangu. Mawingu yakiwa bado mbali, huko upande wa Urambo, wenyewe unaanza kuwa mzito, taratibu, kama mtu aliyekaa chini na hataki kuinuka. Wanangu wananicheka. "Mama, leo tuanike mahindi au tusianike?" Mimi nausikiliza mguu kwanza, halafu nawajibu.

Uzito huo niliupata nilipomzaa kitinda mimba wangu, miaka ile tulipokuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Ntalikwa. Nyumba zilikuwa mpya, zimepangwa mistari, udongo wa kuta haujakauka vizuri. Jioni tulikwenda kisomo, sisi kina mama na watoto mgongoni, tukisoma maneno ubaoni mpaka giza linayameza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye kuandika sentensi nzima. Wiki hiyohiyo nikashikwa na uchungu.

Kwetu mzazi hakai bila kukandwa. Na mkandaji wa pale kijijini alikuwa mama mkwe wangu mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, ambavyo ukivitazama unasema hivi ni vya mtu mwingine, kaazima. Asubuhi aliingia na sufuria la maji ya moto, kitambaa, na mafuta ya karanga. "Mwangaluka," anasema, salamu yetu ya asubuhi. Ananiambia mimi, halafu anamwambia mtoto, halafu analiambia tumbo. Kwake yeye kila kiungo kilichoumia kilikuwa mgeni. Hukikandi kabla hujakisalimia.

Kitovu cha mtoto hakijadondoka, mguu wa kushoto ukaanza kuvuta. Kwanza nyuma, chini ya goti, halafu ukapanda pajani. Ukajaa, ukawa mweupe-mweupe, unang'aa kama kibuyu kipya. Mama mkwe akaubonyeza kwa kidole, kidole kikaacha shimo.

"Damu ya uzazi hiyo," akasema. "Haikutoka yote. Imekosa njia, imeshukia mguuni."

Basi akazidisha maji ya moto. Hakuna aliyeona ajabu. Wanawake wote tuliamini hivyo, kwamba damu iliyobaki inafukuzwa kwa mikono, na mkono ukiwa na nguvu zaidi ndiyo damu inaogopa zaidi. Nilifumba macho nikang'ata kanga.

Mume wangu, ambaye kwa desturi haingii chumba cha mzazi mpaka aruhusiwe, alichungulia kutafuta jembe lake lililokuwa nyuma ya mlango. Akasimama hapohapo.

"Mama, huu mguu wa nani?"

"Wa mkeo. Wa nani tena?"

"Mimi mke wangu nilimwoa na miguu inayofanana."

Mama mkwe akacheka, na mimi nikacheka, maumivu yakanipanda mpaka kiunoni. Mume wangu hakucheka. Alitoka mbio kwenda kusimamisha lori la tumbaku.

Nililazwa juu ya marobota, mtoto kifuani, mama mkwe kichwani kwangu kashika mwavuli. Harufu ya tumbaku iliyokaushwa ni kama asali iliyoungua kidogo. Homa ilikuwa imenishika, na matawi ya miti yalipita juu yangu polepole, kana kwamba mimi nimetulia na nchi ndiyo inayosafiri. Njia zetu zile ni za zamani, za misafara. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani akiwa kijana, na alikuwa akituambia: ukiwa katikati ya msafara huoni mbele wala nyuma, unaona kisogo cha mwenzio na mzigo wake tu. Mmoja akitua mzigo pale njia ilipo nyembamba, wote wa nyuma wanasimama, na hawajui kwa nini. Nikiwa juu ya lori nilisikia nyayo. Nilidhani ni za wapagazi wa babu. Kumbe ni damu yangu inagonga.

Tukaingia mjini Tabora, tukapita Mtendeni. Mhindi mwenye duka alikuwa mlangoni anampimia mtu kitambaa, akatutazama tunavyopita, mkono umebaki hewani.

Daktari aliyenipokea hospitalini alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani. Hakuubonyeza mguu. Alitoa mfukoni futi ya fundi cherehani, akapima chini ya goti la kulia, akapima la kushoto, akarudia kwenye mapaja.

"Unajua kusoma namba, mama?"

"Niko kisomo."

"Basi nisomee."

Nikamsomea. Hata mimi, mwanafunzi wa jioni, niliona miguu yangu haikai darasa moja.

"Damu imeganda ndani ya mshipa," akasema. "Imeziba njia. Iliyo nyuma inakuja, haina pa kupita, ndiyo maana mguu unajaa."

"Kama msafara," nikasema, maana bado nilikuwa nawasikia.

Alifikiri kidogo, akatabasamu. "Kama msafara. Lakini waliosimama siwaogopi. Naogopa wakiinuka ghafla. Kipande kikibanduka kinapanda hadi moyoni, kinatokea mapafuni, na kikiziba kule pumzi inakatika. Kwa hiyo mguu huu haukandwi. Hausuguliwi. Hauwekewi maji ya moto."

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anakunja kitambaa chake cha kukandia, anakunja, anakunja, mpaka kikawa kidogo kama kitabu cha sala.

Walinilaza kitanda kilichoinuliwa kwa matofali upande wa miguuni, damu ishuke yenyewe. Ukilala hivyo siku nzima, paa linakuwa uwanja. Nililiona lina mito na vijia. Sindano zilikuja na kwenda. Na asubuhi nesi alitoa damu yangu kidogo, akaitia kwenye kijibomba cha kioo, akakifumbata kiganjani kipate joto la mtu, halafu akawa anakiinamisha na kukiinua, macho kwenye saa. Alikuwa anangoja kuona itachukua muda gani kuganda. Mimi sikuwa na saa. Nilikuwa na wimbo wa kanisani, nikiuimba moyoni bila haraka. Mara ya kwanza, kabla ya sindano, wimbo haujaisha damu ilikuwa imeshashika kama maziwa ya mgando. Baadaye, dawa ilipoingia, nilimaliza wimbo, nikaanza mwingine, na damu bado inacheza mle ndani ya kioo. Nikasema, Bwana, ndivyo unavyonitunza, kwa kuinamisha na kuinua.

Mama mkwe alikuja kesho yake na chupa ya chai. Nikafurahi. Alipoifungua, yalikuwa maji ya moto.

"Lete mguu."

"Mama, daktari amekataza."

"Daktari amezaa wangapi?"

Wodi nzima ikacheka. Mama wa kitanda cha jirani akadakia, "Mpe mguu, mwenzangu! Mkwe wangu yuko Nzega, hata salamu haleti!"

"Mama," nikasema, "naomba usiushike."

Kicheko kikakatika. Kwetu kumkatalia mtu mikono yake si jambo dogo. Chakula unaweza kukataa ukasema umeshiba. Lakini ukikataa mikono ya mtu, maana yake umeiona ina kitu.

"Kumbe," akasema polepole. "Mikono hii ilimpokea mumeo. Imewapokea wanao wote. Leo imekuwa ya mchawi."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Hukusema. Umevuta shuka."

Na kweli, nilikuwa nimelivuta shuka mpaka kiunoni bila kujijua. Akafunga chupa yake, akambusu mtoto, akaondoka. Kesho yake hakuja. Siku iliyofuata pia hakuja. Nililala nikitazama mito ya kwenye paa, nikaona nina vifo viwili vya kuchagua: cha mguuni, na cha nyumbani kwangu. Maana nikipona, narudi wapi? Narudi kwa mwanamke niliyemwambia mbele ya wodi kwamba mikono yake inaua.

Daktari alikuwa na jambo lake. Alikuwa anawafuatilia wazazi wote wenye mguu kama wangu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, akanieleza kwamba dawa ile inajulikana, lakini hawajui vizuri mzazi wa huku aipate kwa muda gani, na mguu unarudi vipi baadaye. Angependa anipime hata nikitoka, mwezi baada ya mwezi.

"Nikikataa?"

"Utatibiwa vilevile. Hakuna atakayekukasirikia."

"Nakubali," nikasema. "Lakini na mimi nina ombi. Mpe mama mkwe wangu sehemu."

"Sehemu gani?"

"Ya mwili wangu. Ya kukanda."

Nilidhani atacheka. Badala yake akanitazama kuanzia juu hadi chini kama mtu anayegawa shamba. Kisha akaagiza mume wangu amlete mama yake.

Alikuja na kanga za kanisani, kidevu juu.

"Shikamoo, mama," daktari akasema.

"Marahaba."

"Mama, miguu niachie mimi. Yote miwili. Mikono, mabega na shingo ni vyako. Mtu akilala hivi muda mrefu mabega yanakauka, na mimi sina wa kumkanda."

"Umemgawa mtu kama nyama ya sikukuu."

"Nimemgawa, mama."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wako mzima mzima."

Mama mkwe akayapima mabega yangu kwa macho. "Wewe kijana, ungekuwa mshenga mzuri," akasema. Akavua bangili. Akaweka viganja mabegani kwangu, akasema "Mwangaluka" kwa bega la kulia, "Mwangaluka" kwa la kushoto, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Ilikuwa mchana, siku chache baadaye, jua limelala sakafuni. Alikuwa ananikanda shingo na mimi nasinzia. Nikawaona tena wapagazi. Wamekaa kando ya njia, mizigo imetuliwa, moshi wa jiko unapanda, wanazungumza Kinyamwezi cha zamani. Nikawaambia, kaeni, kaeni, Tabora ni pazuri, pwani kuna nini? Mmoja, mdogo, mwembamba, akainuka akajitwika mzigo wake.

Kichomi kikanichoma chini ya ziwa. Nikavuta pumzi, haikuingia. Nikavuta nyingine, ikaishia kooni. Mikono ya mama mkwe ilikuwa bado shingoni kwangu, na ilijua kabla yangu.

"Nesi! Nesi! Pumzi inakatika!"

Sauti ile ilikuwa imezoea kuita watu kutoka shamba hadi shamba. Nesi alikuja mbio, daktari nyuma yake. Waliniinua mgongo, wakaniongezea dawa, daktari akaweka kipimo chake kifuani akasikiliza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshika kidole cha mtoto. Polepole pumzi ikaanza kurudi, kama maji yanavyorudi kisimani.

"Kadogo tu ndiko kameondoka," daktari akasema. "Mungu amesaidia."

"Kenyewe?" mama mkwe akauliza. "Bila kuguswa?"

"Kenyewe."

"Na ningeugusa?"

Daktari alivua miwani akaifuta. "Mama, ulipiga kelele upesi. Hilo ndilo tushike."

Lakini yeye alikuwa ameshapata jibu. Alikaa akitazama viganja vyake mapajani, vimefunguka, kama mtu anayeomba. Kutoka siku ile akawa askari wa mguu wangu. Mgeni akitaka kukaa kitandani anafokewa: "Toka hapo! Huo mguu umelala, usiuamshe!" Mume wangu mwenyewe alifukuzwa.

Futi ikaanza kunipa habari njema. Nilizisoma namba mwenyewe, zinashuka, mguu wa kushoto unamkaribia mwenzie. Nilimuuliza daktari kama dawa imewafukuza wapagazi. Akasema hapana, dawa inazuia wengine wasijiunge; waliokaa, mwili wenyewe unawayeyusha taratibu, na huenda wachache wakabaki maisha. Nilitoka na vidonge vya kuizuia damu isigande, na onyo la kutazama fizi na mkojo kama vinatoa damu. Nilirudi kupimwa kila nilipoitwa, kama nilivyoahidi.

Nyumbani mama mkwe aliendelea na kazi yake. Ila sasa, kabla hajatia mkono kwa mzazi yeyote, anachana utepe wa kanga kuukuu, anauzungusha mguu huu, anauzungusha ule. Ikipishana, anakunja kitambaa chake. "Huyu si wangu," anasema. "Tafuteni lori." Wengine walimnung'unikia, wakasema mzee ameanza kuogopa. Yeye aliendelea kupima.

Mguu wangu hakuugusa tena. Hata daktari aliposema sasa umepona, hata nilipomwambia, Mama, unauma kidogo, njoo. Alikuwa anaishia mabegani tu. Niliona labda lile shuka nililolivuta bado liko katikati yetu.

Mpaka asubuhi moja ya masika, mtoto ameshaanza kutembea. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na mguu umekuwa mzito kama gogo. Nimekaa mlangoni nimeunyoosha. Akaja na mafuta yake, akachuchumaa mbele yangu kwa shida, magoti yanalia. Akamimina mafuta kiganjani. Akayasugua mpaka yakapata joto. Kisha akaviweka viganja vyote viwili juu ya mguu, akaviacha pale.

Nikangoja abonyeze. Hakubonyeza.

"Hukandi, Mama?"

"Nyamaza, mkamwana," akasema. "Sijamsalimia bado."

Akainamisha kichwa, mvua inanyesha nyuma yake, akauambia mguu wangu kwa sauti ya chini kabisa, "Mwangaluka."