Jina Nililompa Papa Kalonda Harusini

Mimi ndiye niliyeiharibu ile harusi ya Umbilo, hapa Durban. Si kaka yangu! Nyinyi mnaosimulia kwenye saluni mpaka leo kwamba kaka, Papa Kalonda, alizeeka kichwa, fungeni midomo kidogo mnisikie.

Shule niliishia darasa la pili. Lakini majina! Nitajie la baba yako na la mama mkwe wako mara moja tu, nitazikwa nayo. Ndiyo maana kaka, tulipofika huku kutoka Uvira baada ya vita ya tisini na sita, alinichukua katika mizunguko yake ya mwisho ya kuimba harusini: Durban, Pietermaritzburg, Johannesburg. Wazee wawili ndani ya taxi, na ile kofia yake nyeusi ndefu juu ya magoti yangu.

Nyimbo alitunga mwenyewe, za kuchekesha, ukumbi mzima unaitikia. Ila watu walichotaka hasa ni kutajwa. Wimbo hawaujali, wanajali majina yao! Na kaka majina yalikuwa yanamponyoka. Basi nilisimama nyuma yake. Anainama kama anacheza, namnong'oneza, anaimba.

Ile Jumamosi mchana Deo alikuwa anaoa Beatrice. Mama mzazi wa Beatrice, Mama Esperance, anayejivuna kama ukumbi kaujenga yeye, akauliza mbele ya watu: "Papa, na huyu bibi ni nani?"

Kaka akacheka. "Huyu? Huyu iko ananibebea kofia."

Kofia! Watu wakaangua kicheko. "Mama Kofia, karibu soda!"

Alipoinama kuuliza jina la bibi harusi, nikampa Antoinette. Antoinette ni yule mwanamke ambaye Deo alimwacha Uvira na watoto, na mle ndani kila mtu alimjua. Kaka akaliimba mara tatu, kwa sauti yote, mikono juu!

Eish! Beatrice akafunika uso. Mama Esperance akampokonya mikro ya kuimbia. "Toka, mzee! Kichwa chako iko wapi?"

Kaka akavua kofia. "Nisameheni, wanangu. Ni uzee."

Ndani ya taxi akaniuliza polepole, "Mdogo wangu, uliniambia nani?"

Hapo ndipo nilipomwua. Nikasema, "Beatrice. Nilikuambia Beatrice."

Akaivuta kofia kutoka magotini mwangu, akaishika mwenyewe mpaka nyumbani Greyville.

Hakuimba tena, popote. Akaanza kuogopa majina. Mtu akimsalimu dukani, anatazama viatu. Na mimi mwoga, takataka ya mtu, kila siku najiambia kesho nitamweleza. Kesho!

Zamani kila asubuhi aliniitia chai kwa wimbo, jina langu likiwa ndani yake. Hilo hakuwahi kuniuliza. Asubuhi moja akanishika mkono: "Usikasirike, mdogo wangu. Nikumbushe jina lako."

Nikamwambia. Kwamba ni mimi niliyempa Antoinette sikumwambia, mpaka tukamzika.

Wewe uliyechomwa na neno la mzaha, jibu hapo hapo! Tukana, tupa kofia chini, iishe. Usiweke kisasi chako mdomoni mwa mtu anayekuamini kuliko masikio yake.

Na ninyi wa saluni, kuanzia leo simulieni hivi: kichwa cha Papa Kalonda kilikuwa kizima. Aliimba jina nililompa.