Salamu Ndefu ya Ruthu

Jua la Oktoba limeshaanza kuchoma, na Abdulrazaki, karani wa ofisi moja jijini Dodoma, amechelewa kazini. Anaingia bustani ya mapumziko mbiombio, bahasha kwapani, macho kwenye geti la upande wa pili. Mbele yake kuna uwanja mpana wa nyasi. Anainua mguu akate katikati.

“Mbukwa, mwanangu!” Salamu ya Kigogo inamdaka.

Mguu unarudi chini. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mama yako miguu inaendeleaje?”

Huku akiuliza, Ruthu Matonya anaanza kutembea kwenye njia inayozunguka nyasi, ufagio begani. Abdulrazaki hana budi kumfuata, maana salamu ya mtu mzima haikatwi katikati. Wanapita chini ya miarobaini, taratibu, utadhani wametoka kanisani.

“Na mifugo?”

“Mama, mimi nimepanga chumba kimoja. Sina mifugo.”

“Hata kuku?”

“Hata kuku.”

“Basi wa mwenye nyumba hawajambo?”

Hawajambo. Na geti hilo hapo.

“Ananichelewesha kila siku,” Abdulrazaki anamwambia mwandishi, akicheka. “Lakini ukimpita bila kumjibu, utajisikia vibaya mpaka jioni.”

Ruthu, mzaliwa wa Buigiri mwenye miaka 48, ndiye mtunza nyasi wa bustani hii. Adui yake ni njia ya mkato. Miguu ya wenye haraka imechonga upara toka geti hadi geti, na Zablon, msimamizi wake, hakumficha kitu: mvua zikianza upara ungalipo, utamwagiwa zege, na kibarua chake cha laki mbili kwa mwezi kitaishia hapo.

Alifunga kamba, zikaibwa. Aliweka miiba, ikarukwa.

“Nikafoka mpaka sauti ikakauka. Wakaniona kichaa,” anasema.

Siku moja akapita mama wa kwao. Wakasalimiana kama wanavyosalimiana kijijini, bila haraka, huku wakitembea kuzunguka nyasi.

“Tulipomaliza, tumeshafika getini. Nikasema, kumbe dawa ninayo mdomoni!”

Tangu hapo amepanda vipando vya nyasi kwenye upara wote. Maji yakikatika anabeba ndoo kichwani, na hayo hukatika mara kwa mara. Ukimtazama anavyomwaga, kidogo kidogo asije akang'oa mizizi, unamwonea huruma, ila yeye huruma haitaki.

“Zege halitamwagwa hapa nikiwepo,” anasema.

Zablon anafika kukagua. Anainua mguu asogee aone vizuri.

“Mbukwa, bosi! Watoto hawajambo?”

Msimamizi anashusha pumzi, anacheka, kisha anazunguka naye, akijibu habari za watoto, za mke, mpaka za shamba lake la alizeti. Wanaporudi anachuchumaa pembeni ya upara.

“Zimeota, siwezi kubisha,” anasema. “Ila pale katikati bado, mama.”

“Zitaota.”

Zablon anaondoka kwa njia ndefu, peke yake, bila kuambiwa. Ruthu anamsindikiza kwa macho, kisha anaangalia mbingu, ambako hakuna hata wingu.

“Mvua zikinyesha, nyasi zikashikana, nitavua ndala nipite pale katikati,” anasema. “Mara moja tu, polepole. Na siku hiyo, mtu asinisalimie.”