Waya Mnene na Masikio ya Mama Mkwe

Waya ule, ukijumlisha franga nilizompa mwenye duka na hasara niliyokula kwa kuuza vitenge haraka haraka ili nizipate, ulinimezea bei ya baiskeli mpya pamoja na pampu yake. Nimepiga hesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau pampu.

Na msidhani ulikuwa waya wa kuleta umeme nyumbani. Umeme nilikuwa nao, taa zilikuwa zinawaka, pasi ilikuwa inachoma mashati kama kawaida. Huu ulikuwa waya wa kutoka ukutani hadi kwenye ampli, ile mashine ya kukuza sauti ya gramafoni: mita moja na nusu, mweusi, mnene kama kidole gumba. Waya wa zamani, mwembamba, nilipewa bure siku niliponunua ampli, na haukuwahi kunikosea.

Mwenye makosa alikuwa mwanyumba wangu, yaani mume wa dada mkubwa wa mke wangu, ambaye kwetu tunasema bibi yangu. Yeye alikuwa mtu wa kampuni ya shaba, mwenye karatasi ya mshahara kila mwisho wa mwezi na nyumba ya kampuni yenye rangi mpya. Mimi nilikuwa mtu wa vitenge katika soko la Lubumbashi. Nilipokwenda kuposa, ukoo wa bibi yangu, Wakatoliki wa kaskazini, watoto na wajukuu wa watu wa reli, walinitazama kama mnunuzi anavyotazama kitambaa ambacho rangi yake itatoka kwenye maji ya kwanza. Mwanyumba hawakumtazama hivyo. Yeye walimpa kiti.

Kitu kimoja tu kilinionyesha kwamba na mimi nimekubaliwa. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, mama mkwe alikuwa akija kwangu kusikiliza sahani za gramafoni, za muziki wa gita, alizoacha marehemu mume wake. Alizileta kwangu, si kwa mwanyumba. Hilo nalo nililihesabu mara mbili.

Kwetu mkwe wa kiume hakai uso kwa uso na mama mkwe. Hali naye chakula, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja anapinda kwenye nyasi kama aliyekumbuka shughuli. Kwa hiyo mimi nilikaa sebuleni kugeuza sahani, yeye alikaa chumba cha nyuma, na bibi yangu alipeleka maneno huku na huku. Ili heshima yangu isiwe na shimo, nilimtuma seremala atengeneze mlango wa mbao ngumu kati yetu, mlango ambao hata benki ya mjini ingeuona na kutamani. Siku zote ulifungwa. Ukoo mzima ulipata habari za mlango ule, na nilihakikisha wanazipata.

Kisha mama mkwe akaacha kuja. Jumapili ya kwanza nilisema ni mafua. Ya pili, bibi yangu alisema alionekana akipita na mfuko wa sahani kuelekea kwa mwanyumba.

"Mama anasema kule muziki iko na uhai," bibi yangu aliniambia, akiendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo, kama mtu aliyetaja bei ya chumvi.

"Na hapa iko maiti?"

"Miye sijasema. Mama njo anasema."

Nilikwenda kwa mwanyumba nikijifanya nimepita tu. Alinipeleka moja kwa moja nyuma ya ampli yake, ambayo ilikuwa ndugu pacha wa yangu, tulizinunua duka moja. Akanionyesha waya wake mnene.

"Angalia bwino, mudogo, lakini usiguse. Hii haipende mikono ya sokoni."

"Inafanya nini, yaya?" nilimuuliza, nikimwita ndugu mkubwa kama alivyoniita mdogo.

"Kuran ya umeme inatoka mbali, inapita ku mafulu ya kuyeyusha shaba, inafika na muchafu. Hii inaisafisha. Sikia!"

Akaweka sahani. Umeme ule ulikuwa umetoka kwenye bwawa, ukavuka pori lote kwa nyaya nyembamba, ukapita viwandani, ukazunguka mtaa mzima, halafu mita moja na nusu ya mwisho ndiyo iliyouogesha. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini nilisikiliza, na gita lilikuwa tamu. Siku ile, kwa jinsi nilivyokuwa ninaona wivu, ningesikia hata rangi ya waya.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa dukani, mjini. Mwenye duka aliutoa kwenye sanduku kwa mikono miwili, kama padri na kikombe.

"Citoyen, hii inatoka Ulaya."

"Hata mafua inatoka Ulaya. Bei?"

Akataja. Nikacheka, nikaenda hadi mlangoni. Kwa kawaida nikifika mlangoni, bei inanikimbilia. Mara ile haikunikimbilia. Nilisimama pale nikitazama barabara, kisha nikarudi mwenyewe, na mwenye duka akatambua kwamba mtu aliyerudi bila kuitwa ameshanunua.

Jumapili iliyofuata bibi yangu alimwomba mama yake aje mara moja tu, asikie. Alikuja. Nilisikia viatu vyake uani, nikageuza uso ukutani mpaka alipoingia chumba cha nyuma na mlango ukafungwa. Nikachomeka waya mpya, nikaweka sahani aliyoipenda kuliko zote. Iliisha. Bibi yangu akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama anasema aksanti."

"Na muziki?"

"Ya kule inapita ya hapa."

Sikula mchana ule. Nilimtuma bibi yangu kwa dada yake na ombi: twende sote kwao, tujaribu nyaya zote kwenye ampli moja, na mama mkwe aamue. Mwanyumba alikubali kwa furaha ya mtu anayealikwa kuhesabiwa mali zake.

Kule kwake mama mkwe alikaa kwenye kijia cha nyuma, na kati yake na sisi kulining'inia kitenge kimoja tu, kimefungwa kwa kamba. Hakuona tunachochomeka. Tuliweka waya wa mwanyumba, tukacheza sahani. Tukatoa, tukaweka wangu. Tukatoa, tukaweka ule mwembamba wa bure. Halafu tukarudia yote, kwa sababu mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Mwishowe dada mkubwa akachungulia kwenye pembe ya kitenge.

"Mama anauliza, kwa nini munasimamisha muziki kila mara? Iko ile ile moja. Muiache icheze!"

"Mama amechoka," mwanyumba alisema.

"Ile ya bure na ile ya Ulaya, iko moja?" niliuliza.

"Weye unamubishia mama, mudogo?" dada mkubwa akanijibu.

Ningefurahi, lakini wivu ulizidi. Kama si waya, basi ana nini ambacho mimi sina? Nilitazama sebule yake: ndogo kuliko yangu. Spika: sawa na zangu. Viti: vyangu vizuri zaidi. Hapo upepo ukapita dirishani, kitenge kikapepea, na ilibidi niinamishe macho upesi kwenye viatu vyangu, kwani kidogo nimwone mama mkwe. Nikafikiri: huyu bwana hana haya hata kidogo. Na nikiwa bado nimeinama, nikaelewa.

Tuliporudi nyumbani niliingia chumba cha nyuma, nikamwambia bibi yangu afunge mlango wa seremala na aweke sahani. Gita halikufika. Mwimbaji hakufika. Kilichofika ni besi peke yake, kama jirani anayehamisha kitanda. Nikamwambia arudie. Jirani akahamisha kitanda tena.

Bibi yangu alipofungua aliniona uso, akacheka hadi akashika ukuta.

"Toa mulango, tia kitenge. Unauza bitenge kila siku, unakosa kimoja?"

"Na ukoo watasema nini? Watasema muntu wa soko amechoka na heshima. Bwana ya yaya yako atatembea na ile habari mtaa mzima."

"Basi mama aende kule kila siku ya Mungu."

"Hapana!"

"Muulize mwenyewe, sasa."

Jumapili iliyofuata bibi yangu alimleta mama yake kwa kumbembeleza. Niligeuza uso, akapita, mlango ukafungwa. Sikuweka sahani. Nilimwomba bibi yangu aufungue mlango kiasi cha upana wa kiganja, kisha nikasimama kando na mgongo wangu ukiuelekea. Nikasema na bibi yangu kwa sauti kubwa, kama desturi inavyotaka unapotaka asikie asiyepaswa kusemeshwa:

"Bibi yangu, mwambie mama hivi. Huu mulango niliuweka kwa heshima yake, na njo unamukataza muziki. Nikiuacha, hatasikia bwino. Nikiutoa, bantu watasema mukwe wake hamuheshimie tena. Miye nimeshindwa. Yeye ni muzazi: anishauri, niutoe ao niuache?"